Uzi: Nguo za printa ya 3D zilizoiga jani, mfupa na gamba. Mimi fundi cherehani nimezisogelea, njooni tujadili

#1 FundiNgamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Waliotutangulia, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunzia Tanga, Ngamiani, barazani kwa shangazi yangu, kwa cherehani ya kukanyaga. Sasa hivi niko Brussels, na kazi yangu kubwa ni kufupisha suruali na kubadilisha zipu. Mapema mwaka 2024 nilidamka nikapanda treni kwenda Paris, kwenye jumba la makumbusho la Musée des Arts Décoratifs, mtaa wa Rivoli, kuangalia maonyesho ya Iris van Herpen, mbunifu wa mavazi wa Uholanzi. Nguo zake zaidi ya mia moja zilikuwa mle ndani. Niliingia wanafungua, nikatoka wanafunga.

Tangu siku hiyo nina jambo linanikaa rohoni. Humu jukwaani kila printa ya 3D ikitajwa, lazima atokee mtu aseme fundi kwisha habari yake, kwamba mashine itatema gauni na sisi tutabaki kuuza vifungo. Hizo nguo nimezitazama kwa karibu mpaka mlinzi akaniomba nirudi nyuma hatua moja. Naomba nieleze nilichokiona.

Kwanza huyu dada ni nani. Alizaliwa 1984 kijiji cha Wamel, akasoma chuo cha ArtEZ mjini Arnhem, akapita kwa Alexander McQueen London kujifunza kazi, na mwaka 2007 akafungua nyumba yake ya mavazi. Julai 2010 alionyesha Amsterdam mkusanyo alioupa jina Crystallization, juu ya maji yanavyoganda na chokaa inavyojijenga yenyewe kidogo kidogo. Ndani yake kulikuwa na vazi moja la juu, jeupe, lililotoka kwenye printa ya 3D. Alilichora pamoja na msanifu majengo Daniel Widrig wa London, likachapwa na kampuni ya Materialise, hapa hapa Ubelgiji. Mwaka uliofuata akaalikwa Paris kwenye Haute Couture, kule kunakoshonwa nguo ya mtu mmoja kwa vipimo vyake, kazi nyingi ikiwa ya mkono.

Kuchapa kwenyewe ni hivi. Kuna sanduku lenye unga wa nailoni, mweupe, laini kama sembe. Leza inapita juu ya unga na kuyeyusha pale tu mchoro unapotaka. Kisha unatandazwa utando mwingine mwembamba wa unga, leza inapita tena. Tando kwa tando hivyo hivyo, mamia kwa maelfu. Mwisho nguo inafukuliwa ndani ya unga kama mtu anavyofukua mhogo, inapulizwa na kusuguliwa mpaka matundu yote yawe wazi. Unga ambao haukuyeyuka ndio ulioishikilia muda wote, ndiyo maana linaweza kutoka umbo lenye mizunguko ndani ya mizunguko ambalo hakuna mkasi ungelikata.

Sasa shida ndiyo inaanzia hapo. Nailoni hiyo ikishaganda ni ngumu.

Gauni la mifupa la mwaka 2011 nililisimamia karibu nusu saa. Alilichora na Isaïe Bloch, liko kwenye mkusanyo wa Capriole. Ni jeupe, mbavu zinazunguka kifua, mabegani mifupa imechomoza. Nilichungulia kwapani kwanza, kwa sababu fundi yeyote ukitaka kujua ufundi wa mwenzako unaangalia kwapani, ndipo mikono na kiwiliwili vinapogombana. Sikuona mshono. Hakuna pindo, hakuna penzi (ule mkunjo wa kubana nguo ifuate mwili), hakuna mahali uzi umepita. Na hapo hapo nikaona kinachokosekana: gauni haliangukii mwili. Kitambaa ukikikata mshazari kinaanguka, kinatafuta nyonga chenyewe, ukikaa kinakaa nawe. Hili linasimama kama gamba la kaa, mwili ndio unaolifuata.

Kwa hiyo swali ambalo huyu dada na wenzake wamehangaika nalo miaka yote hii ni moja tu, na ni swali la fundi: kitu kigumu unakilegezaje? Majibu hayakutoka kwenye mashine. Wameyatoa kwenye jani, kwenye gamba la samaki, kwenye pingili za uti wa mgongo, kwa sababu huko ndiko vitu vigumu vinapinda kila siku bila kuvunjika.

Tazama jani la mpapai. Mshipa mkubwa ni mgumu, vishipa vinapungua unene kadiri vinavyoelekea ukingoni, na katikati ya vishipa kuna ngozi laini kabisa. Upepo ukija linapepea zima zima, halivunjiki. Januari 2018, kwenye mkusanyo wa Ludi Naturae, Van Herpen na watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft walifanya hivyo hivyo. Walitandika neti nyembamba, hii hii ya shela la bibi harusi, ndani ya printa, wakachapa juu yake mishipa ya majani yenye wembamba wa milimita 0.8. Plastiki ikawa mshipa, neti ikawa ngozi ya jani. Nguo ikaanza kutembea.

Kati ya 2011 na 2018 kuna mambo mengi, nitayaleta kadiri mnavyouliza. Karibuni.

#2 Mwambao

Dada asante kwa uzi ulioshiba. Naweka kigoda.

Swali langu ni la mtu wa Mombasa: joto. Nailoni mwili mzima, si mtu ataoka? Na inafuliwaje?

#3 FundiNgamiani

Mwambao, nailoni ngumu haipitishi jasho, huo ndio ukweli. Kinachookoa ni matundu. Nyingi ya hizi nguo zina uwazi mwingi kuliko plastiki yenyewe, hewa inapita. Tatizo lingine ni kukwaruza, ndiyo maana penye kugusa ngozi wanaweka bitana, na bitana hiyo inashonwa kwa sindano na mtu. Kufua ni maji ya uvuguvugu na brashi laini. Pasi usiisogeze hata kwa bahati mbaya.

Na tusidanganyane, ni nguo za saa chache: jukwaani, kwenye zulia, kwenye picha. Sijamwona wa kuvaa kwenda sokoni.

#4 KofiaYaViua

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi ni wa Lamu, kwetu mama na dada zangu wanashona kofia za mkono. Mleta uzi umenigusa pale uliposema matundu.

Wasioijua kofia ya viua, nieleze. Inachukuliwa bafta nyeupe, inakunjwa tabaka, inachorwa nakshi kwa penseli. Halafu tundu dogo linatobolewa kwa sindano nene, linazungushiwa uzi mpaka ukingo wake unakaza. Tundu moja, halafu jingine, halafu jingine, maelfu. Kofia moja nzuri inakula miezi. Ikishamalizika na kutiwa wanga, inasimama kichwani yenyewe na upepo unapita humo kwenye matundu. Watu wanadhani yale matundu ni urembo tu. Siyo. Ule uzi unaozunguka kila tundu ndio unaoifanya kofia isimame. Ukishona nakshi yenye matundu machache, kofia inalegea.

Kwa hiyo sisi kazi yetu ni kilaini kisimame, na hao wenzetu wanahangaika kigumu kilegee. Wote wawili jibu wamelikuta kwenye tundu.

#5 FundiNgamiani

KofiaYaViua, waalaykum salaam. Umeniandikia kitu ambacho nilikuwa nakitafuta tangu Paris na sikukipata. Nimeisoma mara tatu. Mama yako nipelekee salamu na shikamoo yangu.

Ngoja niongezee kipande cha katikati. Januari 2013, mkusanyo wa Voltage, kulikuwa na mavazi mawili yenye njia mbili tofauti. La kwanza, sketi na kepu ya kutupia mabegani, alilifanya na Neri Oxman, aliyekuwa akifundisha chuo cha MIT kule Marekani. Lilichapwa na kampuni ya Stratasys kwa mashine inayoweza kuweka vitu viwili kwa wakati mmoja, kigumu na laini, ndani ya kipande kimoja. Unaona maana yake? Mfupa na gegedu. Goti lako halina bawaba ya chuma, lina mfupa unaoishia kwenye gegedu.

La pili alilichora na Julia Koerner, msanifu majengo wa Austria, likachapwa na Materialise. Hapo walibadilisha unga wenyewe, wakatumia ule wa jamii ya mpira, wa kunesa. Ni leza ile ile, lakini kinachotoka ukikikunja kinarudi. Kwangu hilo ndilo lililofungua mlango, kuliko hata la Oxman, kwa sababu mvaaji aliweza kutembea nalo kama mtu aliyevaa lesi.

#6 MzeeWaBarabaraYaNane

Nimesoma yote. Kijana wangu, au binti yangu, sijui, niwie radhi. Mimi nimeshona suti miaka thelathini na nne Dodoma. Nakubali ufundi upo. Lakini nauliza kwa moyo mweupe: nguo ambayo mtu hawezi kukaa nayo, kulala nayo, kumfungia mtoto mgongoni, ni nguo? Au ni sanamu lililowekewa mtu ndani? Mimi nilifundishwa kwamba nguo inaanza pale mwenye nayo anapoinama.

#7 FundiNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni binti.

Swali lako ni zito na sitalikwepa. Zipo ambazo kwa kipimo chako si nguo, na mimi nakubaliana nawe. Nitoe mfano. Mei 2019, kwenye Met Gala, ile sherehe kubwa ya mavazi ya New York, mbunifu Zac Posen alimvalisha mwanamitindo Jourdan Dunn gauni la waridi. Petali 21, zilichapwa kwa plastiki ngumu, zikapakwa rangi, zikashikizwa kwenye fremu ya titani iliyochapwa nayo. Saa zaidi ya 1,100 za kuchapa na kumalizia. Picha zake ni nzuri mno, ukingo wa kila petali umejikunja kama waridi la asubuhi. Lakini petali ya kweli ukiigusa inalainika kidoleni, inajikunja usiku, inaanguka. Pale waliiga sura ya ua. Namna ua linavyoishi haikuigwa. Kwa hiyo ni gumu kama kigae, na kufikia kukaa kwake mwilini lilihitaji chuma.

Mimi ndipo ninapoweka mstari. Kuna anayeiga sura ya kiumbe, na kuna anayeuliza kiumbe kinafanyaje. Wa pili ndiye ananifundisha kazi.

#8 MzeeWaBarabaraYaNane

Marahaba binti yangu. Hapo tumeelewana. Endelea.

#9 DoriaPorini

Habari zenu. Mimi nafanya kazi za uhifadhi, sijui kushona hata kifungo, lakini mleta uzi ulipotaja magamba nikakumbuka kitu.

Mwaka 2016 kundi la wabunifu la threeASFOUR la New York, pamoja na mbunifu Travis Fitch, walitoa gauni lililoitwa Pangolin. Pangolin ni kakakuona wetu. Lilichapwa na mashine za Stratasys, na uso wake wote ni vipande vilivyofungamana na kupandana.

Kakakuona nimewahi kumshika, tulipomwokoa kwa watu waliokuwa wanamsafirisha. Magamba yake ni kitu kile kile cha kucha zako. Ni makavu, magumu, ukingo wake unaweza kukukata. Lakini yule mnyama alijiviringa mikononi mwangu akawa tufe, na hakuna pengo hata moja lililobaki la kuingiza ukucha. Kila gamba limeshikwa na ngozi upande mmoja tu, wa juu, na limelalia yaliyo chini yake kama vigae vya paa. Akijikunja yanateleza juu ya mwenzake. Akijinyoosha yanarudi. Nilimpitishia kidole mgongoni kuelekea mkiani, ni laini kabisa. Kurudi juu hupiti.

Mwaka huo huo wa 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikutana Johannesburg na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote nane. Niliona vyema kwamba mwaka aliopewa ulinzi ndio mwaka watu waliomvaa bila kumuua.

#10 FundiNgamiani

DoriaPorini, gamba limeshikwa upande mmoja tu. Nimeandika kwenye daftari langu la vipimo. Hiyo ndiyo siri ya shanga za kushona kwenye gauni pia, ukizikaza pande zote mbili nguo inakuwa ubao.

#11 Ngong3D

Sasa mmenifanya nijisajili. Niko Nairobi, nasomea usanifu majengo, na nina printa yangu ndogo ya waya wa plastiki, ile inayoyeyusha waya na kuumwaga kwa pua kama keki inavyopambwa. Hapa Nairobi kuna kampuni ya AB3D ambayo imekuwa ikitengeneza printa za namna hii wakitumia sehemu za vifaa vya umeme vilivyotupwa, kwa hiyo hiki kitu hakiko mbali nasi kama watu wanavyodhani.

Niongezee mfano mmoja ambao unanivutia kuliko yote. Mwaka 2014 wawili wanaojiita Nervous System, kule Marekani, walitoa gauni la Kinematics. Lina pembetatu 2,279 zilizounganishwa kwa bawaba 3,316, zote za nailoni ngumu. Hakuna kipande kinachopinda hata kidogo. Ila gauni zima linamwagika kama kitambaa. Na lilichapwa likiwa limekunjwa, kwa sababu sanduku la mashine ni dogo kuliko gauni. Wakalifukua kwenye unga, wakalikunjua, likawa gauni kamili, halikuhitaji kuunganishwa. Makumbusho ya MoMA ya New York yakalichukua.

Lakini ombi langu ni jingine. Nimejaribu ile ya kuchapa juu ya neti, mara nne, imenishinda. Neti inanyanyuka, pua inaikokota, nikirudi nakuta fundo la plastiki na neti iliyoungua. Neti nimenunua Eastleigh, nzuri kabisa. Fundi nisaidie, hujui printa lakini unajua neti.

#12 FundiNgamiani

Ngong3D karibu. Nieleze hatua kwa hatua. Neti unaiweka lini na unaishika na nini?

#13 Ngong3D

Naitandika mwanzo kabisa, juu ya bamba, naibandika pembe nne na selotepu, naanza kuchapa.

#14 FundiNgamiani

Makosa mawili.

La kwanza, selotepu pembe nne. Neti ina upande unaovutika na upande usiovutika. Ukiibana pembeni tu, katikati inabaki na tumbo, na joto la bamba likiifikia tumbo linaongezeka. Tumia vibanio vya karatasi, vile vyeusi vya ofisini, kila upande, kwa kupishana: kaskazini kimoja, kusini kimoja, mashariki, magharibi, ndipo urudi kujaza katikati. Hivyo ndivyo tunavyovalisha kitambaa kwenye fremu ya kudarizi. Ukiigonga kwa kucha iseme kama ngoma.

La pili, ukiitandika mwanzo, plastiki inakaa juu ya neti kama uji juu ya chujio. Inagusa tu, haijashika. Neti inatakiwa iwe katikati, kama nyama kwenye sambusa. Sijui mashine yako inaruhusu kusimama katikati ya kazi?

#15 Ngong3D

Inaruhusu. Naweza kuiambia isimame baada ya tando mbili, niweke neti, iendelee. Tando la tatu litapenya kwenye vitundu na kuungana na la chini. Kwa nini sikuwaza hivi jamani. Kesho nina mtihani, Jumamosi nitajaribu, nitarudi.

#16 NondoWaAmani

Wapendwa, kwa wale wanaopenda mambo ya vipepeo. Huyo Julia Koerner aliyetajwa hapo juu, mwaka 2019 alitengeneza na Stratasys koti linaloitwa Setae. Alichukua mchoro wa bawa la mdudu wa Madagaska anayeruka mchana, ambaye kwa kweli ni nondo ingawa anavutia kuliko vipepeo wengi, akaubadilisha kuwa vinywele vingi vidogo vya rangi vilivyochapwa juu ya kitambaa.

Nalileta kwa sababu mdudu huyo ana ndugu yake huku kwetu, Afrika Mashariki. Mimi natokea Usambara Mashariki, tangu utoto namfahamu, hatukuwa na jina lake, tuliita tu kipepeo wa mafuta kwa jinsi anavyong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Kijani, bluu, wekundu wa machweo. Ajabu yake ni kwamba rangi hizo kwa sehemu kubwa si rangi. Bawa limefunikwa magamba madogo sana yenye tando nyembamba, mwanga ukiingia kati ya tando na kurudi ndiyo macho yetu yanaona kijani au nyekundu. Ukigeuza bawa rangi inahama. Ukilisugua kidoleni, unabaki na vumbi na ule mng'ao umekwisha.

Nimetazama video ya lile koti. Mvaaji akisogea, vile vinywele vinasogea na rangi inahama. Nililia kidogo, nakiri. Kitu kile nilichokuwa nakifukuza na kofia ya baba shambani kwa hiliki.

#17 KyelaKwetu

Naomba nilete jambo ambalo sijui kama ni la furaha au la.

Julai 2022, kwenye mkusanyo wa Meta Morphism, Iris van Herpen alionyesha gauni ambalo sehemu zake zilizochapwa zimetokana na maganda ya mbegu za kakao. Ilikuwa kazi ya pamoja na watu wa aiskrimu za Magnum, gauni lisilotumia chochote cha mnyama.

Mimi ni mkulima wa kakao Kyela. Tunavunja tunda, tunavundika mbegu kwa siku kadhaa, tunaanika, tunauza zikiwa na ganda lake. Ganda hilo jembamba la mbegu halibaki Kyela. Linaondoka ndani ya gunia pamoja na punje, linavuka bahari, linatolewa huko kiwandani. Kinachobaki kwetu ni ganda kubwa la tunda, ambalo linaozea shambani, au tukiliunguza tunapata majivu ya sabuni.

Kwa hiyo nilipoona ile picha nilifikiri: miaka yote hii tumekuwa tukisafirisha kitambaa bila kujua ni kitambaa. Sisemi wametuibia, gunia nililiuza mwenyewe. Nauliza kama lile ganda kubwa linalooza nalo halina nyuzi za kufaa.

#18 Mwambao

KyelaKwetu hapo umeuliza swali la kuanzishiwa uzi wake. Ufungue, nitakuja.

#19 DoriaPorini

Naunga mkono.

#20 ShangaNaUshanga

Nimechelewa lakini niseme. Nashangaa hakuna aliyetaja kofia ya malkia Ramonda kwenye filamu ya Black Panther ya 2018. Ile kofia pana ni isicholo ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na ya kwenye filamu pamoja na lesi ya mabegani zilichapwa kwa printa ya 3D. Mbunifu wa mavazi ni Ruth E. Carter, na aliyezichora kwa kompyuta ni yule yule Julia Koerner, wakachapa Materialise. Februari 2019 Carter akachukua tuzo ya Oscar ya mavazi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Isicholo ya asili inafumwa kwa nyuzi na nywele juu ya umbo la nyasi, na kupakwa udongo mwekundu. Sijaona ubaya kuichapa. Ninachotamani ni siku ambayo anayekaa kwenye kompyuta kuichora awe mjukuu wa aliyeifuma.

#21 FundiNgamiani

ShangaNaUshanga, asante. Nilikuwa naiacha makusudi mpaka atokee wa kuisema vizuri.

Kuna jambo sijalisema na ndilo lililonifanya niandike. Mle makumbusho kulikuwa na chumba walichokipanga kama karakana ya Amsterdam, ukutani sampuli tele za vitu walivyojaribu. Nilikaa pale kuliko mbele ya gauni lolote. Vipande vya ukubwa wa kiganja, vingine vinapendeza, vingine unaona kabisa ni jaribio tu. Shangazi alikuwa na kopo la Kimbo lililojaa vipande kama hivyo, kila rinda alilojaribu kabla ya kukata kitambaa cha mteja. Aliponifundisha kazi hakunipa kitambaa, alinipa lile kopo, akaniambia nifumue kimoja kimoja nione alikosea wapi.

Nguo inayotoka kwenye printa haiji imekamilika. Inasafishwa matundu kwa brashi ya meno, inakatwa mabaki, inashikizwa kwenye hariri au neti kwa sindano, mshono usioonekana, mkono wa mtu. Wanaofanya hivyo majina yao hayaandikwi ukutani. Nilitafuta.

#22 Ngong3D

Nimerudi. Jumamosi imekuwa leo.

Tando mbili, nikaisimamisha. Vibanio kumi na viwili, kwa kupishana kama ulivyosema, nikagonga kwa kucha ikalia. Nikaendelea. Nilichapa magamba arobaini, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, na kila moja limeshika neti upande wa juu tu, kama DoriaPorini alivyoeleza. Upande wa chini niliweka kipande cha karatasi ya kuokea chini ya kila gamba ili plastiki isiungane na neti. Kazi ya mikono ilikuwa ndefu kuliko ya mashine.

Manne yameachia. Thelathini na sita yameshika. Nimelifunga kwenye mkono wa dada yangu, akakunja kiwiko, yakateleza kama DoriaPorini alivyosema kwa yule mnyama, akanyoosha, yakalala. Amekunja na kukunjua mara nyingi mpaka mama akatoka jikoni kuuliza ni mlio gani huo.

Tatizo ni kwamba kwa ndani yanamkwaruza.

#23 FundiNgamiani

Hongera sana mdogo wangu. Manne yaliyoachia yalikuwa pembeni au katikati?

Na kwa ndani weka bitana ya pamba laini. Usiishone kwenye magamba, ishone kwenye neti, nafasi kati ya safu na safu, mishono ya kulegea, uzi mmoja. Acha sentimita moja na nusu ya ziada kwenye kiwiko, la sivyo akikunja bitana itavuta neti na utapoteza mengine.

#24 Ngong3D

Pembeni, yote manne. Ni pale kibanio kilipokuwa mbali na mwenzake.

Sina sindano nyembamba. Nakwenda kuazima kwa jirani.